Kuhamia chakula cha kupikwa nyumbani bila kuichosha familia: hatua kwa hatua

Maswali yanayonijia kuhusu jambo hili yanafanana, na mengi yanaanza na neno moja: nimeshindwa. "Nilianza Jumatatu kupika kila kitu mwenyewe, Alhamisi nikaagiza chakula." "Watoto wamegoma." "Natoka kazini naingia jikoni, nakuja kukaa saa nne usiku." Mimi pia nilishindwa mara ya kwanza. Nilitoa pakiti zote nyumbani kwa siku moja, nikajaza friji mboga, na siku ya tano tukarudi kwenye pakiti huku nusu ya zile mboga zikiwa zimeoza. Mara ya pili nilibadilisha mlo mmoja tu na kuiacha mingine kama ilivyokuwa. Hiyo ndiyo iliyodumu, na ndiyo njia nitakayokuonyesha hapa.

Ninaposema kupika kuanzia mwanzo, nina maana ya kununua vitu vyenyewe, yaani nafaka, kunde, mboga, mayai, nyama, samaki, maziwa na unga, kisha kazi ya kuvigeuza chakula ukaifanya wewe. Sisemi usage unga mwenyewe. Nyanya za kopo zisizoongezwa chochote, mboga zilizogandishwa, tambi kavu na samaki wa kopo ni msaada mkubwa, wala usione aibu kuvitumia.

Nadharia ni hii moja tu. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walichapisha jaribio la watu wazima 20 waliokaa ndani ya kituo kwa wiki nne. Wiki mbili walikula vyakula vilivyosindikwa sana, wiki mbili vyakula vya kawaida. Milo iliyopakuliwa ya pande zote mbili ililinganishwa kwa nishati, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu aliruhusiwa kula hadi atosheke. Kwenye vyakula vya kiwandani walikula takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku, na uzito ukaongezeka. Hakuna aliyewalazimisha. Kwa hiyo watoto wako wakimaliza pakiti nzima na bado wanatafuta kitu kabatini, usiwahukumu kuwa ni walafi.

MAHITAJI KABLA YA KUANZA

Vyombo havihitaji kuwa vingi:

- Sufuria moja kubwa yenye kitako kizito, ya lita 5 au 6. Kitako chembamba ndicho kinachounguza maharage.
- Sufuria ndogo yenye mfuniko unaofunga vizuri.
- Kikaango kipana.
- Kisu kimoja kikali na kitu cha kukinolea. Kisu butu huteleza, na kinachoteleza ndicho kinachokata vidole.
- Mbao mbili za kukatia, moja ya nyama mbichi peke yake.
- Mwiko, chujio, kikombe cha kupimia, na mizani kama unaweza kuipata.
- Makopo 8 hadi 10 yenye mifuniko ya kuhifadhia chakula kilichopikwa.
- Karatasi za kubandika na kalamu. Utaona umuhimu wake kwenye hatua ya 7.

Kipimajoto cha chakula si lazima, lakini kinaondoa wasiwasi mwingi juu ya kuku.

Stoo iwe na chumvi, mafuta ya kupikia, vitunguu maji, vitunguu saumu, nyanya, nafaka moja mnayoila kila siku, aina mbili za kunde kavu, unga wa ngano, mayai, siki au malimau, na viungo vikavu vitatu mnavyovipenda tayari. Vitatu vinatosha. Nimeona watu wengi wakianza kwa kununua viungo ishirini. Vinachuja harufu kabatini kabla havijatumika hata mara mbili.

Kitu cha mwisho ni mazungumzo. Kaa na mwenza wako na watoto, waambie unataka kubadilisha nini na kwa nini, na uwaahidi kwamba hakuna chakula wanachokipenda kitakachopotea ghafla. Wanakaya wasiposhirikishwa huona kama wanaadhibiwa, na ndipo migomo inapoanzia.

HATUA

1. Andika mnachokula kwa siku saba bila kubadili chochote

Chukua daftari, liache jikoni. Andika kila mlo na kila kitafunwa: kilikuwa nini, kilitoka wapi, nani alikula. Kisha soma orodha ya viambato kwenye pakiti zenu. Carlos Monteiro na wenzake wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazil, ndio waliounda mpango wa kugawa vyakula kwa kiwango cha usindikaji, na kipimo chao ni rahisi kukitumia nyumbani: ukikuta viambato ambavyo huwezi kuvikuta katika jiko la kawaida, kama vionjo vya kutengenezwa, rangi, viunganishi na aina za sukari zenye majina marefu, weka alama.

Kosa la kawaida hapa ni kuanza kujirekebisha siku ya pili kwa sababu ya aibu. Usifanye hivyo. Daftari la uongo litakupeleka kubadilisha mlo ambao haukuwa na tatizo.

2. Chagua mlo mmoja tu

Tazama daftari, tafuta mlo wenye alama nyingi na usio na haraka nyingi. Kwa familia nyingi huo ni mlo wa jioni, siku tatu za wiki. Siku nne zilizobaki kuleni kama kawaida. Kwa familia ambayo jioni ni purukushani, huenda kifungua kinywa cha siku za mapumziko kikawa mwanzo mzuri zaidi. Amua mwenyewe, nyumba unaijua wewe.

Kaeni hapo wiki mbili au tatu. Usiongeze mlo wa pili mpaka wa kwanza uwe unapikwa bila mtu kuuliza "leo tunakula nini?"

3. Panga vyakula vitano, virudie

Hili ndilo linalookoa familia. Kinachochosha zaidi ya kupika kwenyewe ni kuamua: saa kumi na mbili jioni, kila mtu ana njaa, wewe umesimama mbele ya friji unatafuta wazo. Andika vyakula vitano ambavyo mnavijua tayari au vinavyokaribia mnavyovijua, viwekee siku, bandika karatasi hiyo kwenye mlango wa friji, vizungushe. Usijifunze vyakula vipya vitano kwa wiki moja. Kipya kiwe kimoja, na kiwe siku ambayo huna haraka.

Angalau vyakula viwili kati ya vitano viwe vya dharura, vinavyoiva ndani ya dakika 30 kutokana na vitu visivyoharibika upesi. Mayai yaliyopikwa ndani ya mchuzi wa nyanya ni mfano mzuri. Supu ya dengu ndogo zilizopasuliwa ni mfano mwingine: haziloweshwi, na aina nyingi huiva baada ya dakika 20 hadi 30.

4. Tenga siku ya sufuria kubwa

Mara moja kwa wiki, saa mbili hadi tatu, pika vitu vya msingi kwa wingi. Usipike milo saba kamili ukaipanga kwenye makopo. Ukifika siku ya tatu hakuna anayetaka kuitazama. Pika vipande vya kujengea: sufuria ya maharage, sufuria ya msingi wa mchuzi (hatua ya 5), na supu ya mifupa (hatua ya 6) kama ipo.

Maharage nayaeleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo yanayoulizwa kuliko kitu kingine chochote.

Chambua, toa mawe na yaliyotoboka. Osha. Loweka kwa saa 8 hadi 12 katika maji mengi, angalau mara tatu ya ujazo wa maharage, maana yatavimba. Weka kijiko kimoja cha chakula cha chumvi kwa kila lita 2 za maji ya kulowekea. Najua tumeambiwa tangu utotoni kwamba chumvi hugumisha maharage. Kwenye maji ya kulowekea inafanya kinyume chake: ganda hulainika na maharage hayapasuki ovyo. Kukiwa na joto kali, lowekea ndani ya friji yasije yakachacha.

Mwaga maji hayo, suuza, weka maji mapya yafunike maharage kwa kina cha vidole vitatu. Chemsha kwa moto mkali, engua povu, kisha punguza moto na acha yatokote polepole. Mengi huiva ndani ya saa 1 hadi 2 kutegemea aina na umri wake. Onja matano kutoka sehemu tofauti za sufuria. Moja likiwa gumu, endelea. Nyanya, limau na siki viingie yakishaiva, kwa sababu asidi ndiyo inayoyazuia kulainika. Kikombe 1 cha maharage makavu hutoa vikombe 2 na nusu hadi 3 vilivyoiva.

ONYO: Maharage mekundu makubwa yakiwa mabichi yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuharisha vikali, na mbegu chache tu zinatosha kumuumiza mtu. Loweka angalau saa 5, mwaga maji, kisha chemsha kwa mchemko wa nguvu angalau dakika 10; mimi huacha dakika 30. Usiyaweke yakiwa mabichi katika sufuria ya umeme ya kupika polepole. Joto lake halifiki mchemko wa kweli, na joto lisilotosha linaweza kuifanya sumu iwe kali zaidi.

5. Jifunze msingi mmoja wa mchuzi

Ukiujua huu, umejua nusu ya upishi wa kila siku. Unahitaji vitunguu maji 2 vikubwa, vijiko 3 vya chakula vya mafuta, punje 3 za kitunguu saumu, viungo vyako, na nusu kilo ya nyanya.

Katakata vitunguu vidogo vya saizi moja. Pasha mafuta kwa moto wa kati, tia vitunguu na chumvi kidogo, koroga. Chumvi hutoa maji ndani ya vitunguu, navyo hulainika kabla ya kuungua. Dakika 8 hadi 10 vitakuwa laini na vya kung'aa. Dakika 15 vitaanza kuwa na rangi ya dhahabu. Ukitaka viwe vya kahawia na vitamu kabisa, hesabu dakika 40 au zaidi kwa moto mdogo. Mapishi mengi huandika "kaanga vitunguu dakika 5 mpaka viwe vya kahawia." Haiwezekani. Ukiharakisha kwa moto mkali vitaungua ukingoni huku ndani ni vibichi, na mchuzi wote utakuwa mchungu.

Tia saumu iliyopondwa, koroga kwa nusu dakika tu, ikiungua hairekebishiki. Tia viungo vya unga, koroga dakika 1. Vikianza kushika chini, nyunyiza kijiko cha maji. Sasa nyanya. Acha zipikike dakika 10 hadi 15, ukikoroga mara moja moja, mpaka ukiburuta mwiko chini ya sufuria njia ibaki wazi kwa muda na mafuta yaanze kujitenga pembeni. Hiyo ndiyo dalili. Wapishi wapya wengi huongeza maji kabla ya hapo, ndipo mchuzi unabaki na uchachu wa nyanya mbichi hata ukichemshwa saa nzima.

Hapo sasa una njia nyingi: maharage yaliyoiva na maji kidogo, kuku, samaki, mayai, mboga, nyama ya kusaga ya kulia tambi. Siku ya sufuria kubwa pika mara nne ya kipimo hiki, gawanya kwenye makopo manne, gandisha matatu. Jioni ya siku ya kazi utaanzia dakika ya 25 ya mapishi badala ya dakika ya sifuri.

Jambo moja kuhusu ladha: chakula kikionekana kimepooza, watu hukimbilia chumvi au kidonge cha mchuzi. Jaribu kwanza matone ya limau au kijiko cha chai cha siki, koroga, onja tena. Mara nyingi kilichokosekana ni uchachu kidogo. Vidonge vya mchuzi usivitoe kwa mpigo. Tumia nusu kwa wiki mbili, kisha robo, kisha uache. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, na kiasi hicho kinahesabu chumvi yote pamoja na iliyojificha ndani ya vidonge na mikate. Ulimi huzoea chumvi pungufu ndani ya wiki chache, mradi usiushtue.

6. Usitupe mifupa

Kusanya mifupa ya kuku ndani ya friza mpaka ifike kilo moja. Iweke kwenye sufuria pamoja na kitunguu, karoti na lita 2 za maji baridi, pasha polepole, acha itokote kwa moto mdogo sana kwa saa 3. Usiache ichemke kwa fujo, supu itakuwa na ukungu na mafuta yaliyovurugika. Chuja. Usitie chumvi, utaitia kwenye chakula utakachopikia. Hii ndiyo inayochukua nafasi ya vidonge.

7. Hifadhi kwa usalama

Hapa sina mzaha. Familia inayopika kwa wingi bila kujua kuhifadhi inaweza kuumwa wiki ya kwanza.

- Chakula kilichoiva kisikae nje zaidi ya saa 2. Bakteria huzaana haraka kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi.
- Usiingize sufuria nzima ya moto ndani ya friji. Katikati yake itabaki ya vuguvugu kwa saa nyingi. Gawanya kwenye vyombo vipana visivyo na kina, au weka sufuria ndani ya beseni la maji baridi ukikoroga.
- Friji iwe nyuzi 4 au chini yake, friza hasi 18.
- Kiporo cha friji kiliwe ndani ya siku 3 hadi 4. Ukijua hakitaliwa, kigandishe siku ile ile.
- Wali una sheria yake. Ndani ya mchele kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukikaa nje huamka na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Uingize kwenye friji ndani ya saa moja, uliwe ndani ya siku moja, na upashwe mara moja tu.
- Pasha kiporo mpaka kitoe mvuke hadi katikati, nyuzi 74. Kuku mbichi naye apikwe hadi joto hilo hilo kwenye sehemu yake nene kuliko zote.
- Usioshe kuku mbichi. Maji yanayoruka husambaza vijidudu kwenye sinki, vyombo na saladi. Moto ndio unaoviua.
- Andika jina na tarehe kwenye kila kopo. Baada ya wiki mbili ndani ya friza, mchuzi wote unafanana.

ONYO: Usiweke saumu mbichi ndani ya mafuta ukaiacha nje ya friji, wala usijaze mchuzi wa maharage au nyama kwenye chupa ukaichemsha kwa maji ya kawaida ukidhani umeihifadhi kwa miezi. Mbegu za bakteria wa botulizimu, yaani sumu ya chakula inayopoozesha mwili na inayoweza kuua, hustahimili maji yanayochemka. Vyakula visivyo na asidi huhitaji mtambo wa shinikizo unaofika nyuzi zipatazo 121. Nyumbani, tumia friza.

8. Badilisha pakiti moja moja

Mlo wa kwanza ukishakuwa mazoea, rudi kwenye daftari. Chagua pakiti moja kwa wiki, itafutie mbadala. Anza na zilizo rahisi.

Mchanganyiko wa saladi: sehemu 3 za mafuta kwa sehemu 1 ya siki au limau, chumvi, tikisa ndani ya chupa. Dakika moja.

Mchuzi mweupe: yeyusha gramu 40 za siagi, koroga gramu 40 za unga kwa dakika 2, mimina nusu lita ya maziwa kidogo kidogo ukikoroga bila kusimama, acha uchemke mpaka uwe mzito. Mabonge hutokea ukimimina maziwa yote kwa pamoja.

Mtindi: pasha lita 1 ya maziwa hadi nyuzi 85, acha yapoe hadi 45, koroga vijiko 2 vya mtindi wenye bakteria hai, funika na tunza joto kwa saa 6 hadi 8. Usiutikise ukiwa unaganda.

Mkate uje mwisho. Kila mtu anataka kuanza na mkate kwa sababu unapendeza, na wengi huchokea hapo hapo. Ukiwa tayari: unga gramu 500, maji ya vuguvugu mililita 325, chumvi gramu 9, hamira kavu gramu 7. Kanda dakika 10, acha uumuke hadi ujazo uwe mara mbili (kama saa moja), tengeneza umbo, acha tena dakika 30 hadi 45, oka kwa nyuzi 220 kwa dakika 30 hadi 35. Toa, gonga chini yake. Ukisikia mlio wa kitu kitupu, umeiva. Subiri upoe kabla ya kukata.

9. Gawa kazi

Mtu mmoja akibeba kupika, kuosha, kununua na kupanga, mpango huu utakufa, hata awe na moyo kiasi gani. Anayepika asioshe. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kuosha mboga na kuchana majani. Wa miaka sita anaweza kupima unga, kumenya mayai na kupanga meza. Wa miaka kumi anaweza kukata mboga ukiwa karibu naye. Watakufanya uchelewe mwanzoni, lakini mtoto hula kwa urahisi zaidi kile alichokigusa kwa mikono yake.

Kwa watoto wadogo sana: toa fungu lao kabla ya kutia chumvi. Asali isiguse mdomo wa mtoto aliye chini ya miezi 12, hata ikiwa imepikwa ndani ya chakula, kwa hatari ya botulizimu. Njugu nzima na zabibu nzima huwakaba walio chini ya miaka mitano. Saga njugu, kata zabibu kwa urefu mara nne.

MAMBO YAKIENDA KOMBO

Chumvi imezidi. Kiazi hakifyonzi chumvi peke yake, hufyonza mchuzi ulio na chumvi. Dawa ni kuongeza chakula: maji, nyanya, maharage au nafaka isiyo na chumvi. Kisha onja upya na ugandishe kilichozidi.

Maharage hayaivi baada ya saa 3. Yanaweza kuwa ya zamani sana, au maji yenu yana madini mengi, au umetia nyanya mapema. Robo kijiko cha chai cha magadi ya kuokea kwenye sufuria husaidia. Usizidishe, yatakuwa na ladha ya sabuni.

Chakula kimeungua chini. Zima moto, usikoroge, usikwangue. Hamishia sehemu ya juu kwenye sufuria nyingine, onja. Ikiwa haijashika moshi, endelea nayo.

Mafuta yamewaka moto. Zima jiko, funika kikaango kwa mfuniko, ondoka karibu. Usimwage maji kamwe, wala usikibebe kwenda nje.

Mchuzi ni mwepesi. Toa mfuniko, ongeza moto, acha maji yaondoke. Au ponda kijiko kikubwa cha maharage ukirudishe ndani.

Unga wa mkate hauumuki. Maji yalikuwa ya moto mno yakaua hamira, au hamira ni ya zamani, au chumba kina baridi. Kwa baridi subira inatosha. Ili kujua kama hamira ni hai, itie kwenye maji ya vuguvugu na sukari kidogo; isipotoa povu baada ya dakika 10, nunua nyingine.

Mboga zinaoza kabla ya kupikwa. Umenunua kwa matamanio, hukununua kwa mpango. Nunua za siku tatu. Pika majani kwanza, karoti na kabichi zisubiri.

Mtoto amekataa. Weka kijiko kimoja cha chakula kipya pembeni ya kitu anachokijua, usimlazimishe, usimhonge kwa peremende, na usimpikie chakula cha pili. Watoto wengi huhitaji kukutana na chakula kipya mara 8 hadi 15 kabla ya kukikubali, na wazazi wengi huacha baada ya mara tatu. Kama mtoto anapungua uzito au anakula aina chache mno za vyakula, muone daktari, usisubiri hesabu hizo.

Mwenza anasema chakula hakina ladha. Huenda ana haki. Rudia hatua ya 5, tazama kama vitunguu vilipata muda wake, weka limau mezani, na muache aongeze kiungo mwenyewe kwenye sahani yake.

Wiki imeharibika: ugonjwa, safari, msiba, kazi za usiku. Kuleni kinachopatikana. Usijaribu kulipa deni kwa kupika mara mbili wiki inayofuata. Rudi kwenye mlo ule mmoja wa hatua ya 2, siku zile tatu, na vyakula vile vile vitano. Ndiyo maana uliviandika. Karatasi iko bado kwenye mlango wa friji.